Bosi Anaona Nini Kwenye Simu Yako?

Wafanyakazi wanaotoka Mbagala, Dar es Salaam, kila alfajiri kwenda Kurasini, Chang'ombe, Kariakoo na Posta wana imani mbili kuhusu simu zao na macho ya bosi. Wengine wanaamini kwamba ukishaunga waifai ya ofisi, bosi anasoma kila unachochati, hadi ujumbe wa mchumba. Wengine wanajibu kwamba WhatsApp imefungwa kufuli, hivyo hakuna anayeona chochote. Wote wamekosea. Wa kwanza anaogopa kitu ambacho hakipo, na wa pili analinda mlango mmoja huku mwingine ukiwa wazi nyuma yake.

Tuanze na waifai. Simu yako ikitaka kufungua YouTube, Instagram au tovuti ya habari za udaku, ombi hilo linapita kwenye ruta ya ofisi. Siku hizi tovuti nyingi hutumia HTTPS: maudhui yanasimbwa yakiwa bado kwenye simu na kusimbuliwa yakishafika kwenye seva. WhatsApp imezidi hapo. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake unasimbwa mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma njiani. Ni kama kifurushi unachomkabidhi kondakta wa basi la Lindi pale Rangi Tatu. Anaona kinakwenda wapi, kina uzito gani na umekileta saa ngapi. Ulichoshonea ndani ya kiroba hakioni.

Hayo anayoyaona kondakta si machache. Ruta inaweza kuweka kumbukumbu kwamba simu fulani iliulizia tovuti fulani saa nne asubuhi, ikakaa huko nusu saa na kushusha megabaiti kadhaa. Jina la tovuti linavuja kwa sababu simu inalazimika kuulizia anwani yake kwanza kupitia mfumo wa DNS, na mara nyingi hulitaja tena waziwazi inapoanza kusalimiana na seva. Kwa hiyo fundi wa mitandao wa ofisini hajui ulimwandikia nani kwenye WhatsApp wala ulimwambia nini, ila anaweza kujua kwamba ulikuwa WhatsApp. Kwa wingi wa data anaweza hata kukisia kama ulikuwa unaandika au unapiga simu ya video. Ukifungua tovuti ya nafasi za kazi kila siku saa saba mchana, hahitaji kusoma barua yako ya maombi.

Je, atajua ni simu yako? Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hubuni anwani bandia ya kifaa kwa kila mtandao zinaoungwa nao. Kinga hiyo inasaidia kwenye waifai ya mgahawa. Kazini, ambako unaingia kwa jina lako na nywila yako, haikusaidii kitu, maana umeshajitaja mwenyewe. VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia iliyosimbwa, nayo huficha majina ya tovuti, lakini ruta itaona kwamba unatumia VPN. Na tukumbuke kuwa Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN nchini kutoa taarifa zao. Njia rahisi kuliko zote ni bando lako mwenyewe. Ukiwa kwenye laini yako, ruta ya ofisi haina habari nawe.

Kompyuta ya ofisi ni habari nyingine kabisa. Hapo mwajiri hasubiri njiani, yuko ndani ya nyumba. Anaweza kuweka cheti chake cha usalama kwenye mashine, na seva ya kati ikafungua mawasiliano ya HTTPS, ikayasoma, kisha ikayafunga upya na kuyapeleka mbele, huku alama ya kufuli ikiendelea kuonekana kwenye skrini kana kwamba hakuna lililotokea. Anaweza kuweka programu inayopiga picha ya skrini kila baada ya dakika chache, au inayorekodi kila kibonyezo unachogusa. Ndiyo maana kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya kazini ni kuivua kinga yake yote. Ujumbe ulisafiri umefungwa, ukafunguliwa mbele ya kamera. Simu uliyopewa na kampuni iko hivyohivyo, kwa kuwa inaweza kusimamiwa kwa mbali, kufungwa au kufutwa hata ukiwa umelala Charambe.

Niseme na hili, ingawa halina sayansi yoyote. Siri nyingi za kazini hazivujishwi na programu. Zinavujishwa na mwenzako wa meza ya pili anayepiga skrinishoti ya stetasi yako na kuirusha kwenye grupu la mameneja. Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho hulinda njia. Haumlindi mtu dhidi ya aliyempelekea.

Kuna pia taarifa zinazomfikia bosi bila yeye kuzitafuta. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mikopo ya aina hii, ile ambayo mtaani inaitwa kausha damu, ina mtindo unaofahamika: unapopakua programu inaomba ruhusa ya kuona orodha yako ya namba, na ukichelewa kulipa, ujumbe wa kukudhalilisha unaenda kwa mama mkwe, kwa fundi cherehani na kwa msimamizi wako wa kazi. Ruhusa moja uliyoibonyeza kwa haraka inampa bosi habari nyingi za madeni yako kuliko programu yoyote ya upelelezi.

Lakini wafanyakazi wengi wa Mbagala hawakai mbele ya kompyuta. Ni mawakala wa kusajili laini, wauzaji wa jumla wanaozunguka madukani Kijichi na Chamazi, madereva wa malori ya bandarini, vijana wa bodaboda wanaopeleka mizigo. Kwao ufuatiliaji unakuja kama ramani. Kuna wasimamizi wanaomtaka mtu atume mahali alipo mubashara kwenye WhatsApp kila asubuhi, na programu hiyo inatoa chaguo tatu: dakika 15, saa 1 au saa 8. Saa nane ndiyo siku nzima ya kazi. Wengine wanawekewa programu ya mauzo ambayo inadai ruhusa ya mahali hata ikiwa imefungwa, na jioni hakuna anayekumbuka kuizima.

Watu hulichukulia jambo hili kirahisi. Nukta kwenye ramani inasema nini cha maana? Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5, za miezi 15, zikiwa zimeondolewa majina. Waligundua kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao, tena kwa kutumia minara ya simu, ambayo hata haina usahihi wa GPS. Sasa fikiria nukta za mtu wa Mbagala. Usiku yuko Kizuiani, asubuhi yuko Kurasini. Hayo bosi anayajua. Jumanne mbili mfululizo yuko Hospitali ya Zakhem kwa saa tatu. Ijumaa mchana au Jumapili asubuhi yuko kwenye nyumba ya ibada. Jumamosi yuko kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi. Hakuna aliyemuuliza lolote, ila afya yake, dini yake na msimamo wake vimeshaandikwa kwenye jedwali.

Viwandani kuna mashine ya mahudhurio ya alama za vidole, na hii sidhani kama tumeifikiria vya kutosha. Mashine nyingi hazitunzi picha ya kidole, hutunza vipimo vyake kwa mfumo wa tarakimu. Hata hivyo, vipimo hivyo vikiibwa, mtu hana namna ya kujibadilishia kidole kama anavyobadilisha nywila. Na kidole ndicho tunachosajilia laini, ambazo ndizo zinabeba pesa zetu.

Waajiri wana sababu zao na si zote mbaya. Wakala wa fedha anataka kujua nani alifungua akaunti ya mteja. Mwenye malori anataka kujua mafuta yamekwenda wapi. Kiungo kimoja cha kitapeli kikibonyezwa kwenye kompyuta ya mhasibu, mishahara ya watu wote inaweza kukwama. Ninachohoji ni ile imani kwamba mtu akitazamwa kila dakika atafanya kazi zaidi.

Imani hiyo imepimwa. Ethan Bernstein wa Chuo Kikuu cha Harvard alifanya utafiti wake kusini mwa China, kwenye kiwanda kikubwa cha kuunganisha simu za mkononi. Kiwanda kilijengwa wazi kabisa, ili msimamizi akisimama sehemu moja aone mistari yote ya uzalishaji. Bernstein aliwaingiza wanafunzi wazaliwa wa China wakafanye kazi kama vibarua wengine, bila wenzao kujua. Wakagundua jambo ambalo fundi yeyote wa Chang'ombe angekuambia bure: wafanyakazi walikuwa na mbinu zao za haraka, nzuri kuliko za kwenye mwongozo, na walizificha kila meneja alipokaribia. Walirudi kwenye njia rasmi ya polepole kwa sababu kueleza kwa nini umebadilisha utaratibu kunachosha kuliko kufuata utaratibu mbovu. Kisha watafiti wakafunga mapazia kuzunguka baadhi ya mistari. Hesabu za uzalishaji ziliendelea kukusanywa, ila macho ya meneja yalizuiwa. Mistari yenye mapazia ilizalisha kwa asilimia 10 hadi 15 zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, na hadi leo kuna kampuni zinazonunua programu za kupiga picha za skrini.

Huo ni utafiti wa kiwanda kimoja. Mwaka 2022 Daniel Ravid na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi, zenye washiriki zaidi ya 23,000 kwa jumla, kuhusu ufuatiliaji wa kielektroniki kazini. Hawakuona ushahidi kwamba unaongeza utendaji. Waliona unaongeza msongo wa mawazo. Chase Thiel na wenzake nao, kwa tafiti walizofanya Marekani, walionyesha kwamba wafanyakazi wanaofuatiliwa walielekea zaidi kuvunja kanuni: kupumzika bila ruhusa, kuharibu vifaa, kufanya kazi polepole kwa makusudi. Maelezo yao ni kwamba mtu anayefuatiliwa kila saa huacha kujiona mwenye dhamana ya matendo yake. Kama kosa ni la kugunduliwa na mashine, basi kutokosea nako ni kazi ya mashine.

Watumishi wa umma wanaujua ufuatiliaji kwa njia nyingine. Mfumo wa kupima utendaji wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, unamtaka mtumishi ajaze majukumu yake na utekelezaji wake mtandaoni. Mwalimu wa shule ya msingi Mbagala, mwenye darasa lililofurika, anajaza kwa simu yake na mara nyingi kwa bando lake. Sifa ya mfumo huu ni uwazi: unajua unapimwa nini kwa sababu wewe ndiye unayeandika. Udhaifu wake ni ule aliouona mchumi Mwingereza Charles Goodhart mwaka 1975: kipimo kikigeuzwa kuwa lengo, hakipimi vizuri tena. Mfumo unaona kwamba fomu imejazwa. Kama mtoto wa dawati la nyuma amejua kusoma, hauna habari.

Sheria inasemaje? Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Kwa sheria hiyo, anayekusanya taarifa zako anatakiwa akujulishe anazikusanya kwa lengo gani, asizitumie kwa lengo jingine na azilinde. Taarifa za afya, imani, uanachama wa chama cha wafanyakazi na alama za mwili zinahesabiwa kuwa nyeti na zina masharti makali zaidi. Una haki ya kuuliza mwajiri ana nini juu yako, na haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake.

Mahakama za wenzetu zimeshapita njia hii. Mwaka 2007 mhandisi mmoja wa Romania, Bogdan Bărbulescu, alifukuzwa kazi baada ya kampuni kusoma mawasiliano yake ya Yahoo Messenger, yakiwemo ya kaka yake na mchumba wake. Kampuni ilikuwa na kanuni ya kukataza mambo binafsi kwenye kompyuta za kazi. Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, kwa majaji 11 dhidi ya 6, kwamba haki yake haikulindwa ipasavyo. Haikuwapiga marufuku waajiri kufuatilia. Ilitaka mahakama ziangalie kama mtu aliambiwa mapema, ufuatiliaji ni wa kiasi gani, una sababu gani, na kama hapakuwa na njia nyepesi zaidi ya kusoma barua za watu.

Kuambiwa mapema ndiko kunakokosekana kwetu. Mkataba wa kazi wa kurasa mbili, unaosainiwa juu ya kaunta, hausemi lolote kuhusu kamera, ruta wala programu ya mahali. Basi usisubiri ugomvi. Andika barua fupi, kwa Kiswahili, umuulize mwajiri anakusanya taarifa zipi kutoka kwenye vifaa unavyotumia, kwa sababu gani, anazitunza muda gani na nani anaziona. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Akikaa kimya, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.