Saa ya Mwili na Saa ya Shule: Usingizi wa Vijana Balehe na Mwanzo wa Masomo

Mwanafunzi wa sekondari anayesinzia katika kipindi cha kwanza huitwa mvivu. Jina hilo lina hukumu ndani yake: linadokeza kuwa kasoro ni ya tabia na kwamba dawa yake ni adhabu. Makala hii inafafanua kwa nini hukumu hiyo haina msingi wa kisayansi, na maana yake kwa watunga sera.

Wakati wa balehe, saa ya mwili husogea mbele. Melatonini, homoni inayouarifu mwili kuwa usiku umeingia, huchelewa kutolewa, pengine kwa muda wa hadi saa mbili kuliko utotoni. Kijana wengi hupata shida kulala kabla ya saa 5 usiku, ilhali umri wao unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Aliyelala saa 5 usiku na kuamshwa saa 10:30 alfajiri amepata saa 5 na nusu tu.

Mwaka 2014, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza kuwa shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Jiji la Seattle liliposogeza mwanzo wa masomo kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 mwaka 2016, watafiti walibaini kuwa wanafunzi waliopimwa walilala takribani dakika 34 zaidi. Hofu kwamba wangekesha zaidi haikuthibitika.

Katika Afrika Mashariki, Baraza la Mawaziri la Rwanda liliamua Novemba 2022 kwamba, kuanzia Januari 2023, masomo yaanze saa 2:30 na kazi saa 3:00 asubuhi. Ubora wa uamuzi huo ni kuipanga saa ya shule sambamba na saa ya wazazi. Nchini Kenya, Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilitaja saa 2:00 asubuhi kwa shule za kutwa.

Hata hivyo, saa ya kuanza masomo siyo saa ya kuamka. Palipo na maandalio ya alfajiri, hasa katika shule za bweni, ratiba rasmi yaweza kusogezwa bila mwanafunzi kuongezewa hata dakika moja ya usingizi. Kwa hiyo, sera yenye tija haina budi kuitaja kengele ya kuamka na ile ya kulala, pamoja na kengele ya darasani.