Dhoruba Kitabuni, Dhoruba Kwenye Filamu: Utangulizi

Huenda msomaji akashangaa kwamba kitabu cha dhoruba na uvuvi kimeandikwa Malangali, hapa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mahali ambapo upepo unachezea mahindi na ulezi. Lakini Ufipa imekaa kati ya maziwa mawili. Mashariki nchi inaporomoka kwa mteremko mkali hadi Ziwa Rukwa. Magharibi, barabara ya Matai inakufikisha Kasanga, kwenye ufuko wa Tanganyika. Migebuka na dagaa unaowaona sokoni mjini wamepandishwa huku juu kwa gari, na nyuma ya kila fungu yupo mtu aliyelitazama anga jioni, akaamua kwamba usiku huo ziwa linaingilika. Uamuzi huo ndio kiini cha hadithi zote nitakazozungumzia.

Uwanja ninaokukaribisha unahusu yanayoipata hadithi inapotoka kwenye kurasa na kuingia kwenye filamu. Nitauita uhawilishaji. Haupo mbali nasi: Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, iligeuzwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na Watanzania wengi walioisoma shuleni wakapata nafasi ya kuulizana iwapo Yasmin na Denge wa kwenye skrini ndio wale waliowajua. Karibu kila mwanafunzi huanza kwa kuuliza kipi bora, kitabu au filamu. Swali hilo ni halali, ila halimfikishi mtu mbali. Mimi nakuomba uanze na jingine: katika hadithi hii, nani anayajua maji?

Tulijaribu kwenye kisa cha nyumbani. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alichapisha riwaya ya The African Queen. Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza. Rose, dada wa mmisionari aliyefariki, na Allnut, fundi mwenye mashua chakavu ya mvuke, wanateremka mto hadi ziwani kwa nia ya kuizamisha meli ya Wajerumani. John Huston akaitengenezea filamu iliyotoka mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiwa waigizaji wakuu. Ziwa la riwayani lina jina la kubuni, lakini nyuma yake ipo Tanganyika, na nyuma ya meli ile ipo Graf von Götzen, ambayo sisi tunaifahamu kwa jina la Liemba.

Historia yenyewe ni hii. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni mpaka Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, wakizivusha nchi kavu kutoka Cape Town kupitia Kongo. Boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani Desemba 1915, zikaizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Götzen hazikuigusa. Julai 1916 Wajerumani wenyewe, wakirudi nyuma, waliipaka injini grisi na kuizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Wabelgiji waliiibua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, kubeba abiria na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu kwa miongo mingi.

Sasa linganisha. Katika riwaya, dhoruba inaizamisha African Queen kabla haijafika popote, na meli ya Wajerumani inakuja kuzamishwa na boti za kivita za Waingereza. Katika filamu mashua inapinduka, lakini inabaki ikielea kifudifudi na mabomu yake yakiwa bado omoni, na meli inakuja kuigonga. Historia inasema Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao kwa mikono yao. Dhoruba ileile imepewa kazi mbili tofauti: kwa Forester inavunja mpango wa wapenzi wawili, kwa Huston inautimiza kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga.

Tazama jinsi filamu inavyolionyesha jambo hili. Allnut ametengeneza mabomu kwa mitungi ya gesi, na ametoboa matundu mawili pande za omo ili yachomoze mbele. Wanatoka usiku. Mawimbi yanapoinuka, maji yanaingia kupitia matundu yaleyale, kwa hiyo kinachowazamisha ni silaha yao wenyewe. Kitabu kingehitaji sentensi kadhaa kutueleza hilo. Kamera inayaonyesha maji yakiingia na mtazamaji ameshaelewa. Hapa filamu imekishinda kitabu, na ninalisema hili nikiwa mtu wa vitabu.

Lakini nani anayajua maji? Filamu ilipigwa Kongo ya Wabelgiji na Uganda, maeneo ya Butiaba kwenye Ziwa Albert, na pale waigizaji wakuu walipotakiwa kuingia majini walitumia bwawa la studio huko London, kwa sababu mito yetu ilionekana hatari kwa afya zao. Mto unaowafikisha ziwani unaitwa Ulanga. Mtanzania anajua kwamba Ulanga unachangia maji ya Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Kosa la ramani naweza kulisamehe. Linaloniuma ni kwamba katika riwaya na katika filamu, ziwa zima halina hata mvuvi mmoja mwenye neno la kusema kuhusu mawingu.

Na neno hilo lipo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470. Unayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande huu wa kusini, kati ya Kasanga na Mpulungu, maji ya chini yanapanda yakiwa na rutuba. Vijimea vinastawi, dagaa wanafuata chakula, migebuka wanafuata dagaa. Upepo unaopindua mitumbwi ndio huohuo unaowalisha wenye mitumbwi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, wakiwavuta samaki kwa mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri; kukiwa na mbalamwezi wengi hupumzika. Mtu wa namna hiyo akikumbana na dhoruba, hasira ya ziwa si habari mpya kwake. Alikuwa akiipigia hesabu tangu machweo. Hadithi iliyomwacha nje imejinyima msisimko wake mkubwa kuliko wote.

Hemingway alilijua hilo. Katika The Old Man and the Sea ya mwaka 1952, mvuvi mzee Santiago anawaza kwamba kimbunga huonekana angani siku kadhaa kabla, ukiwa baharini, ilhali walio nchi kavu hawakioni kwa sababu hawajui watazame nini. Wazo kama hilo ni gumu kupigwa picha. Filamu ya mwaka 1958 ililazimika kumpa Spencer Tracy kazi mbili, kuigiza na kusimulia. Ile ya Aleksandr Petrov ya mwaka 1999, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya vioo, ikayageuza mawazo ya mzee kuwa taswira zinazoyeyukiana.

Sebastian Junger alikuwa na shida nyingine. Mashua Andrea Gail ya Gloucester, Marekani, ilipotea Oktoba 1991 ikiwa na watu sita, na hakuna aliyerudi kueleza. Katika The Perfect Storm, mwaka 1997, hakuwabunia maneno. Aliwauliza walionusurika dhoruba nyingine na kutueleza yanayowezekana. Filamu ya Wolfgang Petersen, mwaka 2000, haikuweza kuwa na tahadhari hiyo, maana mwigizaji lazima afungue mdomo. Iliwapa maneno, pamoja na wimbi la kompyuta. Naielewa, ila kitabu ndicho ninachokiamini.

Wapo pia wasimulizi wa vibanda vya video, watu kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, ambao huchukua filamu ya kigeni na kuifunika kwa Kiswahili chao, wakiongeza, wakipunguza, wakimtania adui. Hawa nao ni wahawilishaji, na kitabu hiki kinawapa sura nzima.

Kazi ya kwanza ni hii. Pakia kwenye simu dakika chache za dhoruba ya The African Queen, uende nazo Kasanga, Kipili au Kirando; aliye mbali aende kwa wauza samaki waliowahi kuvua. Mwonyeshe mvuvi mzoefu, ukimwamkia ipasavyo kwanza, kisha mwombe aisimamishe picha pale ambapo yeye angefanya jambo jingine. Andika anachosema kwa maneno yake, pamoja na majina ya pepo anayoyataja. Sura ya kwanza itayahitaji majibu hayo.