Ukitaka Kulijua Waridi, Rangi Iache Mwisho

Kila mara naletewa picha ya ua kwenye simu: jekundu, petali tele, limepigwa kwa karibu hadi umande unaonekana. Kisha swali: "Hili linaitwaje?" Kwa picha hiyo sina jibu. Aina za waridi za bustanini ni maelfu kwa maelfu, na nyekundu za namna hiyo ni nyingi kupita kiasi. Tena rangi ni kigeugeu. Ua lile lile hukolea kwenye baridi ya Limuru na kupauka kwenye joto la bondeni. Nipigie picha ya shina, jani, tumba na tunda, ndipo tuzungumze.

Lakini kwanza inama uangalie chini. Mawaridi mengi yanayouzwa yamebebeshwa, yaani tawi la aina inayotakiwa limeungwa kwenye shina mama lenye mizizi imara. Tawi hilo likifa kwa ukame au kwa kukatwa ovyo, shina mama huchipua na kutoa maua yake lenyewe, na mwenye bustani hulalamika kwamba waridi lake limebadilika rangi. Halijabadilika, alilonunua limekufa. Huko Marekani mgeni huyo asiyealikwa mara nyingi ni 'Dr. Huey', waridi jekundu la damu ya mzee lililozalishwa na George C. Thomas. Wakulima wa maua wa Kenya nao hutumia sana shina mama liitwalo 'Natal Briar'. Basi fukua udongo kidogo utafute kifundo cha muungano. Chipukizi likianzia chini ya kifundo, unachokitambua ni shina mama.

Sasa jani. Kwenye kitako cha kikonyo chake pana vijani viwili vyembamba vilivyogandamana nacho, vinaitwa stipuli. Wengi hawajawahi kuviona, na mimi huanzia hapo. Stipuli za Rosa multiflora, waridi pori la Asia Mashariki, zimechanika kingoni kama ncha za mkeka uliochakaa. Ukikuta stipuli hizo kwenye waridi la bustani, hiyo ni dalili kubwa ya damu ya multiflora. Fungua na katikati ya ua: kwenye multiflora nyuzi za kike zimeshikana kuwa nguzo moja, ilhali kwenye mawaridi ya China kila moja iko huru. Halafu sugua tumba lenye manyoya mabichi kwa vidole. Likinata na kunukia utomvu wa msonobari, una waridi la kuvumwani.

Tabia ya kuchanua nayo husaidia kukisia umri. Mawaridi ya kale ya Ulaya karibu yote huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka. Uwezo wa kuchanua tena na tena uliingia hasa kupitia mawaridi ya China, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18. Manjano makali yanayoelekea rangi ya chungwa, kwenye kichaka chenye maua makubwa, ni urithi wa 'Soleil d'Or' ya Joseph Pernet-Ducher, iliyotoka mwaka 1900. Ukiambiwa waridi la namna hiyo lilipandwa na wamisionari miaka ya 1880, kataa kwa heshima.

Vipimo vya vinasaba? Vinafaa pale tu penye sampuli ya uhakika ya kulinganisha, na kwa kawaida havitofautishi waridi na tawi lake lililogeuka rangi lenyewe, kama 'Peace' na 'Chicago Peace'.

Pale dalili zisipotosha, lipe waridi jina la muda. Huko Bermuda mawaridi yasiyojulikana huitwa kwa mahali yalipookotwa au kwa aliyeyatunza. Mojawapo ni 'Smith's Parish'. Wapenzi wa mawaridi wa Texas waliokota moja la pinki mjini Houston wakaliita 'Katy Road Pink', likakuzwa na kuuzwa kwa jina hilo. Baadaye likatambuliwa kuwa 'Carefree Beauty', kazi ya Griffith Buck wa Iowa ya mwaka 1977.

Fanya vivyo hivyo na kipande ulichopewa na shangazi: andika kibao chenye mahali kilipotoka, mwaka, na jina la aliyekupa. 'Waridi la Shangazi, Lushoto' ni jina la kweli kuliko 'Peace' la kubahatisha.