Rejeta kuukuu ndani ya kompyuta mpya: Nini cha kubakiza, nini cha kutupa

Na Mwandishi Maalumu, Kigali

MWISHONI mwa mwaka 2023 binamu yangu alirejea nyumbani Kigali kutoka Ubelgiji. Kontena lake lilishushwa bandari ya Dar es Salaam, likasafiri takribani kilomita 1,500 hadi hapa kupitia mpaka wa Rusumo. Ndani yake, katikati ya magodoro na masufuria, kulikuwa na kompyuta ya mezani aliyoiunda mwaka 2013, ambayo prosesa yake ilipozwa kwa maji.

"Kaka, hii mashine imeshakufa," aliniambia tulipoifungua. "Nilitaka kuitupa kule kule, roho ikakataa."

Wengi wetu tuliorejea tunaifahamu roho hiyo. Mimi nilisoma shule ya msingi Karagwe, mkoani Kagera, Tanzania. Jirani na shule yetu palikuwa na fundi baiskeli ambaye hakutupa hata spoku moja iliyopinda. Ukimbizini kila kitu kilikuwa na kazi ya pili. Wahenga nao walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Ubao mkuu wa kompyuta ile ulikuwa umekufa kweli. Lakini mfumo wa kupozea ulikuwa na kibao cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, pampu, tangi dogo la maji, rejeta yenye feni mbili na mipira ya kuunganisha. Wakati huo nilikuwa nakusanya vipuri vya kompyuta mpya ya kutengenezea masomo ya video kwa wanafunzi wangu. Nikajiuliza ni vipi kati ya hivyo vingefaa, na vipi vingekuwa mtego.

Najibu kwa tahadhari, kwa sababu niliwahi kukosea.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Covid-19, nilianza kurekodi masomo ya fizikia nyumbani. Kompyuta yangu ilichemka na kujizima katikati ya kazi. Nikatafuta pampu iliyotumika na kibao cha shaba, nikaviunganisha na rejeta ndogo ya alumini kwa sababu ilikuwa rahisi, nikajaza maji. Kwa miezi minane nilijiona fundi. Asubuhi moja nikakuta maji yametapakaa juu ya kadi ya picha, na umeme ulikuwa umeshafanya kazi yake. Masomo 41 yalipotea pamoja na diski, na sikuwa na nakala. Wanafunzi waliokuwa wakiyategemea niliwaambia ukweli, nao walikuwa wapole kuliko nilivyostahili.

Kosa langu mwalimu wa fizikia hapaswi kulifanya. Shaba na alumini zikigusana na maji yale yale katika mzunguko mmoja, huwa ni betri uliyoitengeneza bila kujua. Alumini ndiyo inayoliwa. Maji hugeuka kijivu, uchafu huziba njia nyembamba za kibao, na mwishowe rejeta hutoboka.

Safari hii nilikwenda kwanza Gatsata, ng'ambo ya Nyabugogo, kwa fundi anayelehemu rejeta za magari. Aliipima rejeta ya binamu yangu kwa mkono, akakwangua rangi nyeusi pembeni kwa ncha ya kisu mpaka wekundu ukaonekana.

"Hii ni shaba, mwalimu. Ingekuwa alumini ingekuwa nyepesi kama sahani ya kambini."

Nilimweleza yaliyonipata mwaka 2020, nikamuuliza mbona magari yanachanganya metali hizo na hayaozi. Akacheka. "Gari linakunywa dawa, na dawa inabadilishwa. Wewe yako uliinywesha maji matupu."

Kweli hiyo inafaa ikaririwe. Maji ya rejeta ya gari huwekwa kemikali za kuzuia kutu. Kwa kompyuta, njia salama ni kutochanganya kabisa: shaba nyekundu, shaba ya njano na nikeli hukaa pamoja vizuri, na alumini ibaki nje ya mzunguko.

Matumizi haya ya vitu vikuukuu si ya Kiafrika peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya maduka kujaa vifaa vya kazi hii, wapenzi wa kompyuta Marekani walikuwa wakitumia rejeta ndogo za kipasha joto kutoka kwenye magari chakavu kama Chevrolet Chevette, pamoja na pampu za matangi ya samaki za kampuni ya Eheim ya Ujerumani. Hata watengenezaji wakubwa walijifunza kwa maumivu: baadhi ya kompyuta za Apple Power Mac G5, zilizoanza kupozwa kwa kimiminika mwaka 2004, zilikuja kujulikana kwa kuvuja na kuharibu mashine nzima.

Basi tugawe vitu. Rejeta ya shaba inabaki. Jaza maji ya moto yaliyokenekwa, itikise, mwaga, rudia mpaka yatoke safi bila chembe. Kibao cha shaba kinabaki pia: fungua skrubu, sugua mifereji yake kwa mswaki laini, na kama kimefanya weusi, kitie kwa muda mfupi kwenye siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, kisha kisuuze vizuri. Kama kimepakwa nikeli, usikitie siki.

Pampu nzuri huishi miaka mingi. Ya binamu yangu, aina ya D5, ilikuwa na umri wa miaka kumi na bado ilizunguka kimya. Ijaribu ikiwa na maji ndani, kwani kuizungusha kavu ni kuiua. Ikikwaruza, iache.

Mipira na pete za mpira zinazozuia maji kwenye maungio usizihurumie. Mpira hukakamaa kwa miaka na huanza kuvuja pale unapouhamisha. Pete moja ni kitu cha bei ndogo, lakini inalinda kompyuta yote.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kishikilio cha kibao juu ya ubao mkuu. Matundu ya bao za Intel za soketi za kundi la 115x hadi 1200 yalikuwa umbali wa milimita 75. Soketi ya LGA1700 ilipotoka mwaka 2021 umbali ukawa milimita 78, na LGA1851 ya mwaka 2024 ikafuata huo huo. Kishikilio cha zamani hakiingii, na kukilazimisha ni kuvunja ubao. Kwa upande wa AMD, vingi vilivyokaa kwenye AM4 hukaa pia kwenye AM5 ya mwaka 2022. Ulizia kishikilio kabla ya kununua ubao.

Ukishaunganisha, usiwashe kompyuta. Ipe umeme pampu peke yake, sehemu nyingine zote zikiwa zimechomolewa, tandika karatasi za chooni chini ya kila ungio, na uache mzunguko ukimbie saa 24. Karatasi ikilowa, shukuru Mungu kwamba ni karatasi.

Maji ya bomba usiyatumie, yana chumvichumvi. Yanayouzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri yanafaa, ila soma chupa, kwani jirani yake rafuni ni asidi. Ongeza dawa ya kuzuia ukungu na ubadilishe kila mwaka. Ukitumia dawa ya rejeta ya gari, ifungie mbali na watoto, kwa kuwa mara nyingi ni sumu yenye utamu, na usiimwage mtaroni.

Kwa wenzetu wanaofanya biashara ya mpakani, mifumo iliyofungwa kiwandani isiyofunguka ni ya kuepukwa ikiwa imezeeka. Maji yake hupungua taratibu kupitia kwenye mipira, na mnunuzi hana pa kujazia. Atarudi dukani kwako. Kumbukeni pia kwamba utaratibu rahisi wa forodha kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vipuri vilivyopitia Dubai haviingii humo hata ukivipakia Kampala. Anayerejea kuishi ana njia yake, kwani Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatoa msamaha kwa vitu vya nyumbani alivyokuwa akivitumia mwenyewe. Shehena ya kuuza si vitu vya nyumbani.

Je, kila kompyuta inahitaji maji? Hapana. Kompyuta ya kuandikia barua na hesabu za duka inatosheka na feni. Maji hayaliui joto, yanalihamisha tu kulipeleka kwenye rejeta, na huko bado ni feni na hewa. Kigali iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu. Ndiyo maana nilifurahia rejeta pana ya binamu yangu: feni zake huzunguka polepole, na ninaporekodi hakuna mngurumo unaomeza sauti yangu.

Ubao uliokufa na mabaki mengine ya kielektroniki tumeyapeleka kwenye kituo cha kuchakata taka za aina hiyo kilichopo Bugesera. Kompyuta mpya imefanya kazi tangu mwaka 2024. Juu ya tangi nimeandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kubadilisha maji, kama fundi wa Gatsata anavyoandika kwenye magari ya wateja wake. Na kila somo ninalorekodi sasa nalihifadhi mahali patatu. Nakala ya tatu anayo binamu yangu, ambaye bado hajaniambia kama ile kompyuta alinipa au aliniazima.