Pesa ya wembe imehamia kwenye mpini

Mwaka 2020 Gillette ilirudisha sokoni kitu ambacho yenyewe ilitumia karibu nusu karne kukizika: mpini wa chuma unaobana wembe mmoja wa makali mawili. Ulitoka pamoja na mafuta ya ndevu na jeli ya kunyolea chini ya jina la mwanzilishi wa kampuni, King C. Gillette. Kwa ubunifu hapakuwa na jipya, kwani hataza ya chombo hicho ilitolewa Marekani Novemba 1904. Kilichobadilika ni hesabu.

Marekani leo, kichwa kimoja cha plastiki chenye nyembe tano kinauzwa takriban dola 3 hadi 5. Wembe wa makali mawili ukinunuliwa kwa boksi la 100 unaangukia senti 10 hadi 20. Chuma ni kilekile, na unene wa wembe ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Tofauti ya bei inaletwa na umiliki. Umbo la wembe wa makali mawili halina mwenyewe tena: wa Derby kutoka Uturuki, Lord wa Misri, Treet wa Pakistan au Feather wa Japani, wote unaingia kwenye mpini wowote uliotengenezwa Solingen, Ujerumani. Kichwa cha plastiki kinaingia kwenye mpini wa kampuni yake tu, na asiyetaka kukinunua hana pa kwenda.

Vyuo vya biashara vimewafundisha wanafunzi kwamba Gillette aligawa mipini bure ili avune kwenye nyembe. Mwaka 2010 profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Chicago, Randal Picker, alipekua kumbukumbu na kukuta kinyume chake. Wakati hataza ikiwa hai, mpini uliuzwa dola 5, kama theluthi ya mshahara wa wiki wa mfanyakazi wa kiwandani, na kampuni haikupunguza hata senti. Hataza zilipoisha mwaka 1921 ndipo mpini wa mtindo wa zamani ukashushwa hadi dola 1. Kwa maneno mengine, Gillette aliuza ghali kile ambacho wengine walizuiwa kukitengeneza, na kizuizi kilipoondoka akatafuta kingine. (Bwana huyu, kabla ya kuwa tajiri, alikuwa ameandika kitabu cha kutaka ushindani wa kibiashara ufutwe kabisa na watu wote waishi katika jiji moja kubwa karibu na maporomoko ya Niagara. Dunia ina vituko.)

Kampuni ya Gillette ilipata kizuizi kipya mwaka 1971, kwa kichwa cha nyembe mbili zisizotenganishwa. Bic ya Ufaransa ikajibu mwaka 1975 kwa kinyoleo cha plastiki cha kutupa. Kuanzia hapo ushindani ukawa wa kuhesabu nyembe: tatu mwaka 1998, kwenye Mach3 ya Gillette ambayo maandalizi yake yaligharimu takriban dola milioni 750, kisha tano mwaka 2006. Procter & Gamble ilikuwa imeshainunua Gillette yote mwaka 2005 kwa dola bilioni 57, ikiamini mfereji huu hautakauka.

Ulikauka upande mmoja. Dollar Shave Club ilianza mwaka 2011 kuwapelekea watu vichwa vya bei nafuu nyumbani kila mwezi, na miaka mitano baadaye Unilever ikainunua kwa dola bilioni 1. Gillette ikapunguza bei mwaka 2017. Mwaka 2019 Procter & Gamble ikakata dola bilioni 8 kwenye thamani ya Gillette vitabuni, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni kwamba wanaume wananyoa mara chache zaidi. Ndevu zimekuwa fasheni, na hakuna hataza inayozuia mtu kufuga ndevu.

Katika mwanya huo ndipo kundi dogo la wapenzi wa kunyoa kizamani limepata wauzaji wake. Hawa wanataka bakuli, brashi, sabuni ngumu, povu zito na mpini wenye uzito mkononi. Merkur ya Solingen, Mühle ya Saxony na Edwin Jagger ya Sheffield wanaishi kwa wateja hawa. Biashara yao ni ile ya vyuo vya biashara iliyopinduliwa kichwa chini: wembe ni karibu bure, faida iko kwenye mpini. Tatizo ni kwamba mpini mzuri hauharibiki. Baba anaweza kumwachia mwana, na mteja aliyenunua leo huenda asirudi tena maishani. Kwa hiyo maduka yanahamia kwenye vinavyoisha, yaani sabuni, krimu na mafuta, na kwenye hamu ya kukusanya. Mtu anayeanza kwa nia ya kubana matumizi mara nyingi anajikuta na mipini minne na sabuni za kutosha ukoo mzima. Anayedai kwamba njia hii ni ya bei chee anasema kweli kuhusu wembe tu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sehemu yenye uzito zaidi ya habari hii ni ngozi. Nywele zetu hujikunja. Kinyoleo cha nyembe nyingi kinaweza kuuvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi, nao ukiota tena unajipinda na kuchoma kwa ndani. Ndivyo vinavyozaliwa vipele vya shingoni ambavyo wanaume wengi wameshavizoea kama sehemu ya kunyoa. Mfanyabiashara Mmarekani mweusi Tristan Walker alijenga kampuni nzima juu ya tatizo hilo. Chapa yake, Bevel, iliuza mpini wa wembe mmoja pamoja na brashi na krimu kwa wanaume wenye nywele za kujikunja. Mwaka 2018 kampuni yake ilinunuliwa na Procter & Gamble, wenye Gillette. Wembe mmoja wenyewe haumtibu mtu. Ukiukandamiza, ukapita kinyume cha uelekeo wa ndevu au ukanyoa pakavu, vipele vitakuja vilevile.

Huku kwetu wembe wa makali mawili haukuondoka, kwa hiyo hauna pa kurudi. Unauzwa mmoja mmoja dukani kwa Mangi, kando ya viberiti. Fundi cherehani anafumulia mshono, mtoto anachongea penseli, mama anakatia kucha. Mnunuzi mkubwa zaidi wa mtaani ni kinyozi. Baada ya mashine ya umeme kumaliza kichwa, anatoa wembe mpya mbele ya macho ya mteja, anaukunja ungali ndani ya karatasi yake mpaka uvunjike katikati kwa urefu, nusu anaichomeka kwenye kishikio kinachokunjwa, na kwa ncha yake anachora mstari wa paji la uso. Nusu ya pili inabaki kwenye karatasi ikimsubiri mteja mwingine. Kampeni za Ukimwi za miaka ya 1990 zilifundisha watu wasichangie wembe, na tangu hapo kumwonyesha mteja kwamba wembe ni mpya kumekuwa sehemu ya huduma anayoilipia.

Kilichopotea ni mpini. Kinyoleo cha plastiki kilichukua nafasi yake bafuni, na Bic inaona soko hilo lina kina: mwisho wa 2018 ilichukua kutoka kwa Haco Industries ya Nairobi shughuli za kutengeneza na kusambaza bidhaa zake. Mwanaume wa Dar es Salaam au Mombasa anayetaka mpini wa chuma ataagiza nje au atabahatisha kwenye mitumba. Wembe unaofaa mpini huo uko hatua chache kutoka mlangoni kwake.

Mfanyabiashara akiniuliza aingize mtaji wapi, nitamwambia mipini ailete kidogo, ile ya bei ya chini kutoka India au China, kwa sababu kila mteja atanunua mmoja basi. Sabuni ndiyo ya kutazama kwa makini. Watengenezaji wadogo wa sabuni wapo tele, wale wa mwani Zanzibar wakiwemo, lakini sabuni ya mafuta ya nazi peke yake inatoa mapovu makubwa yanayopasuka kabla wembe haujafika shavuni. Sabuni ya kunyolea inahitaji asidi ya stiariki kwa wingi, na magadi ya potasiamu badala ya yale ya sodiamu pekee, ili povu liwe zito na lidumu. Atakayepatia mchanganyiko huo aanzie kwa vinyozi, kwa kopo la kilo moja. Wao ndio wanaonyoa kila siku, na wateja wao wenye vipele wanakaa kitini wakiuliza dawa.