Birere: Usitupe bushoni ya zamani, bado iko na kazi nyumbani

Chini ya meza za nganda, vifuniko vya chupa za bia hukanyagwa mpaka vinazama ndani ya udongo mweusi. Karibu na robine, bushoni ya bidoni inapotea na hakuna anayerudi kuitafuta. Na kesho yake baada ya arusi, vizibo vya divai hufagiliwa pamoja na taka zingine. Ni vitu vidogo ambavyo katika Birere hakuna anayevihesabu. Lakini vyote vitatu viko na kazi nyumbani, na kimoja kinagusa afya ya familia nzima: kile cha bidoni ya maji.

Kizibo cha divai

Hiki si kingi mtaani. Kinapatikana zaidi kwenye arusi, mahoteli na parokia. Kile cha asili kinatoka kwenye ganda la mti mkubwa unaoota karibu na bahari ya Mediterania, hasa katika nchi ya Ureno. Mti wenyewe haukatwi. Ganda linabanduliwa, linaota tena, na baada ya miaka 9 hivi linabanduliwa mara nyingine. Ndani ya ganda hilo kuna vyumba vidogo sana vilivyojaa hewa. Ndiyo maana kizibo kinabonyea kikisukumwa halafu kinarudi, kinaelea juu ya maji, na hakipitishi moto haraka.

Hiyo tabia ya kutopitisha moto inasaidia jikoni. Mfuniko wa sufuria ukivunjika pale pa kushikia, akina mama wengi huufungua kwa kitambaa au kwa ncha ya kisu, na mvuke unachoma mkono. Chukua kizibo, kitoboe katikati kwa msumari mwembamba, kisha pitisha visi kutokea chini ya mfuniko na uikaze ndani ya kizibo. Mkono hautaungua. Angalia tu jambo moja: siku hizi kuna vizibo vya plastiki vinavyofanana na vya asili. Kata kipande kidogo uone. Cha plastiki kinayeyuka karibu na makala, usikitumie kwa kazi hiyo.

Kizibo cha asili kinaziba pia chupa ya bia iliyowekwa mafuta ya mawese au asali. Kichemshe dakika chache ili kisafike na kulainika, kikaushe, halafu kipunguze kwa kisu mpaka kiingie kwa kubana. Kikikatwa vipande vyembamba na kubandikwa chini ya miguu ya meza au kiti, sima haikwaruzwi na kelele inapungua. Ncha ya kisu pia inaweza kuchomekwa ndani yake, watoto wasijikate wakipekua kabati.

Kifuniko cha chuma

Kifuniko cha chupa ya bia na ya sukari kilibuniwa na William Painter, Mmarekani wa mji wa Baltimore, aliyepata hati yake mwaka 1892. Zamani ndani yake kulikuwa na kipande chembamba cha lile ganda la mti, kabla plastiki haijachukua nafasi. Kwa hiyo ni ndugu wa kizibo cha divai.

Kazi yake inayojulikana zaidi kwa mafundi ni kwenye mbao na mabati. Birere ni mtaa wa nyumba nyingi za mbao, zilizosimamishwa upya juu ya mawe baada ya volkano ya Nyiragongo kuteketeza sehemu kubwa ya mji tarehe 17 Januari 2002. Msumari ukipigwa peke yake juu ya bashi au bati jepesi, upepo unavuta, tundu linapanuka na mvua inaingia. Kifuniko kikiwekwa chini ya kichwa cha msumari, kinatawanya nguvu na tundu halipasuki haraka. Kikianza kula kutu, kibadilishwe.

Vifuniko 40 au 50 vikipigiliwa kwenye ubao, meno yakiangalia juu, vinakuwa kifutio cha viatu mbele ya mlango wakati wa matope. Viwili vikipigiliwa kwenye kijiti vinaondoa magamba ya samaki vizuri. Na mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza kujifunza kuhesabu, kuongeza na kutoa kwa vifuniko 20 bila mzazi kununua kitu. Kwanza vioshwe kwa sabuni, na meno yapigwe nyundo yalale, kwa sababu chuma chenye kutu kikikata kinaweza kuleta pepopunda. Mtoto mdogo anayeweka kila kitu mdomoni asiachiwe hata kimoja, maana kinaweza kumkaba koo.

Bushoni ya bidoni

Hapa ndipo penye uzito. Wakaaji wengi wa Goma wanachota maji kwa bidoni, kwenye robine au moja kwa moja katika ziwa Kivu, na maji hayo yanasafiri kwa mgongo, kwa baiskeli au kwa chukudu. Bushoni ikipotea, watu wanaziba kwa kile kilicho karibu: ndizi mbichi, kigunzi cha muhindi, kipande cha sashe kilichookotwa njiani. Maji hayamwagiki, kweli. Lakini uchafu wa njia nzima unaingia ndani.

Goma inajua bei ya maji machafu. Mwezi wa Julai 1994, kipindupindu kiliua maelfu na maelfu ya wakimbizi waliokuwa wamefika hapa, na mpaka leo ugonjwa huo unarudi mara kwa mara katika Kivu. Vijidudu vyake vinatoka kwenye choo na kuingia mdomoni kupitia maji, chakula na mikono. Hata maji yaliyowekwa klore kwenye kituo yanaweza kuchafuka tena yakikaa wazi, kwa sababu nguvu ya klore inapungua kadiri inavyokutana na uchafu.

Kwa hiyo, bidoni ikipasuka, usitupe bushoni yake. Ioshe kwa sabuni ndani na nje, hasa kwenye mistari ya kufungia ambapo utelezi unajificha, isuuze kwa maji yenye klore, ikauke, halafu iweke akiba. Majirani wa parsele moja wanaweza kuwa na kopo moja la akiba kwa wote. Ile inayotumika ifungwe kwa kamba kwenye mkono wa bidoni: kamba izunguke shingo ya bushoni, usiitoboe katikati.

Kizibo cha divai au kigunzi visitumike kwa maji ya kunywa. Vyote vinanyonya maji, vinabaki na unyevu, na ukungu unaota ndani. Tena, bushoni iliyotoka kwenye bidoni ya mafuta ya gari, ya dawa ya mashamba au ya asidi ya betri isifungie maji kamwe, hata ikioshwa mara kumi. Hiyo iende kwenye bidoni ya petroli au ya maji ya kufagilia choo, na iwekwe alama ya rangi ili mtoto asikosee.

Vifuniko vya plastiki vilivyobaki visichomwe kwenye mbabula, moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Visitupwe kwenye mifereji pia. Mvua inavipeleka ziwani, na takataka za plastiki za ziwa Kivu zinaelea mpaka Bukavu, ambapo zimekwisha kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi. Bushoni iliyoangushwa Birere inaweza kurudi nyumbani kama giza.