Kombe wa Visiwa vya Baridi: Wasafiri Wasioogelea

Kombe ni wanyama wa kundi la moluska ambao mwili wao laini umehifadhiwa baina ya maganda mawili yaliyoungana upande mmoja mithili ya bawaba. Chaza na kome ni katika jamaa zao. Duniani kote zipo spishi zaidi ya 8,000, na kwa jumla idadi yake hupungua kadiri mtu atokavyo katika bahari za tropiki na kuelekea kwenye ncha za dunia. Katika makala haya tutawatazama wale wachache waishio katika maji ya kina kifupi, kandokando ya visiwa vya Bahari ya Kusini. Swali letu ni moja: wanyama hawa walifikaje katika visiwa vilivyotengwa na maelfu ya kilomita za bahari kuu?

Tuchukue mfano wa visiwa vya Kerguelen. Visiwa hivi vimo kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na latitudo 49 Kusini, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Madagaska. Havina wenyeji, kipo kituo cha utafiti cha Ufaransa tu. Miamba ya ufukoni imefunikwa na kome wa jenasi mbili, Mytilus na Aulacomya. Mbele kidogo, majini, umesimama msitu wa mwani mkubwa uitwao Macrocystis pyrifera, ambao urefu wake hufikia makumi ya mita. Juu ya mwani huo hujishikiza, kwa nyuzi zake mwenyewe, kombe mdogo mwenye ganda jembamba, Gaimardia trapesina.

Ili kulielewa swali letu, yafaa kwanza kujua jinsi kombe wanavyozaana. Kombe wengi, hasa wa bahari za joto, hutoa mayai na mbegu za kiume majini. Yai lililorutubishwa huwa lava, yaani kiumbe mchanga asiyefanana na wazazi wake, ambaye huelea na kuogelea kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kutua. Hivyo ndivyo afanyavyo Anadara antiquata, ambaye akina mama wa Unguja humwokota maji yanapokupwa.

Katika maji ya baridi spishi nyingi hufuata njia nyingine. Mama huyahifadhi mayai ndani ya ganda lake, penye matamvua, mpaka yawe kombe wadogo waliokamilika. Katika visiwa vya Orkney ya Kusini, Lissarca miliaris, ambaye hafikii urefu wa sentimita moja, huwalea watoto wake hivyo kwa takriban miezi 18. Faida ya malezi haya ni dhahiri. Baridi hupunguza kasi ya ukuaji. Chakula kielezacho majini hupatikana kwa wingi katika msimu mfupi tu. Tena lava apeperushwaye mbali na kisiwa kidogo hana pwani nyingine iliyo karibu ya kumpokea. Si kombe wote wafanyao hivyo, kwani kome wa Kerguelen tuliowataja hutoa lava wanaoogelea.

Hapa ndipo lilipo fumbo. Mtu angetazamia kwamba spishi zenye kulea watoto zingebaki kila moja katika kisiwa chake. Lakini Gaimardia trapesina, ambaye hulea watoto na hana lava aogeleaye, ameonekana katika ncha ya Amerika ya Kusini, visiwa vya Falkland, South Georgia, na hata Kerguelen.

Jawabu limo katika ule mwani. Dhoruba huung'oa, nao huelea kwa sababu una vifuko vya hewa. Mkondo mkuu uizungukao Antaktika kutoka magharibi kwenda mashariki huuchukua pamoja na abiria wake, ambao huendelea kula kwa kuchuja maji njiani. Mnamo 1994 watafiti walieleza kwamba mafungu ya mwani yaliyokutwa yakielea kuelekea South Georgia yalikuwa na Gaimardia hai. Tukumbuke pia kwamba lava mmoja afikaye peke yake, akikua, hana mwenzi wa kuzaana naye. Mama mmoja mwenye watoto huwashusha wote mahali pamoja, na kizazi kipya kikaanza. Kwa hiyo kulea watoto, jambo lionekanalo kuwa kizuizi cha kusafiri, huwa ndiyo akiba ya msafiri.

Masafa yenyewe ni ya kustaajabisha. Mwaka 2017 mwani wa spishi Durvillaea antarctica ulikutwa ufukoni katika Kisiwa cha King George, karibu na Rasi ya Antaktika. Uchunguzi wa urithi ulionyesha kwamba sehemu yake ilitoka Kerguelen, safari ya zaidi ya kilomita 20,000. Basi Antaktika haikulindwa na umbali peke yake. Kinachowazuia wageni ni baridi kali, pamoja na barafu ikwanguayo miamba ya kina kifupi.

Kinga hiyo sasa inapungua. Bahari katika sehemu hizo inapata joto, na meli zinazidi kufika. Mnamo 2019 kome wachanga wa jenasi Mytilus walikutwa katika kisiwa hichohicho cha King George, na watafiti wanashuku kwamba waliletwa na meli. Aidha, maji baridi huyeyusha gesi ya kaboni dioksaidi kwa wingi zaidi kuliko maji ya joto, na kadiri asidi inavyoongezeka ndivyo kujenga ganda la chokaa kunavyokuwa kazi ngumu zaidi. Kombe wa maganda membamba hawana akiba kubwa ya kupoteza.

Wanafunzi walio karibu na pwani wanaweza kulianza somo hili kwa mikono yao wenyewe. Wachukue fungu la mwani lililotupwa ufukoni na bahari, walisuuze katika beseni jeupe, kisha wahesabu wanyama waliojishikiza: ni wa aina ngapi, wangapi wangali hai, na wangapi kati yao hawawezi kuogelea.